Anza na Mtu Unayemkwepa

Zikibaki siku tatu nne Ramadhani iingie, simu hazitulii. Ujumbe ni ule ule kila mwaka: nisamehe kwa niliyokukosea kwa kujua na kwa kutojua, nami nimekusamehe, Ramadhani Karim. Unatoka kwa shemeji, kwa mtu mliyesoma naye darasa la tano, kwa fundi bomba aliyekuja nyumbani mara moja mwaka juzi. Umetumwa kwa namba zote zilizomo kwenye simu, kwa mbonyezo mmoja. Sina ugomvi na ujumbe huo. Kutakana radhi kabla ya kufunga ni ada njema ya watu wetu, bora iwepo kuliko isiwepo. Lakini pitia orodha ya waliotumiwa, kisha mtafute aliyekosekana. Mara nyingi aliyedhulumiwa hasa ndiye hayumo. Namba yake ilifutwa zamani, au imezuiwa, au ipo na kidole kimeiruka.

Ushauri wangu wa Shaaban hii ni mmoja, na mengine yote nitakayoyasema yanautumikia huo. Ukitaka kujua roho yako iko tayari kwa kiasi gani, usianze na juzuu utakazosoma na rakaa utakazoongeza. Jiulize ni nani unayemkwepa. Nani ukimwona kwa mbali mbele ya duka unakata uchochoro? Simu ya nani ikiita unaiacha mpaka inyamaze, halafu unasema ulikuwa unaswali? Harusi ya nani hukwenda kwa homa isiyokuwepo? Huyo anaijua hali ya toba yako kuliko imamu wako.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye kitabu chake cha Riyadhu Swalihina kinasomeshwa mpaka leo katika darasa za misikiti yetu, aliyaweka masharti ya toba kwa maneno machache. Kosa likiwa baina ya mja na Mola wake, masharti ni matatu: aliache, alijutie, aazimie kutolirudia. Likiwa limegusa haki ya mtu, linaongezeka la nne, nalo ni kujivua na haki hiyo. Kama ni mali, irudi kwa mwenyewe. Kama ni kusengenya, mwenyewe atakwe radhi.

Yale matatu unaweza kuyatimiza kitandani, taa imezimwa. La nne linahitaji nauli. Linakutaka uvae viatu, upige hodi, utazamwe usoni, na pengine uuze kitu. Ndiyo maana mtu anaweza kulia usiku wa nusu Shaaban mpaka kanzu ikalowa, na asubuhi akawapita mlangoni mayatima wa ndugu yake ambao kodi ya nyumba yao anaila yeye. Sisemi machozi yale ni ya uongo. Nasema yamelipia kilicho rahisi.

Mtume (s.a.w.) aliwauliza masahaba wake kama wanamjua muflis. Wakajibu kuwa kwao ni asiye na dirham wala mali. Akawaeleza juu ya mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, lakini amemtukana huyu, amemzulia yule, amekula mali ya mwingine. Thawabu zake zinagawiwa hao, na zikiisha kabla deni halijaisha, madhambi yao yanahamishiwa kwake. Tumeisikia hadithi hii kwenye mawaidha mpaka haitutishi tena. Hebu isikilize safari hii ukiangalia ni nani anayezungumzwa. Si mlevi wala jambazi. Ni mtu wa safu ya mbele, mwenye kufunga.

Kesho ya Kaab

Katika visa vyote vya toba ninavyovijua, kinachonigusa zaidi ni cha Kaab bin Malik, kwa sababu dhambi yake haikuwa na siku wala saa. Yeye mwenyewe alikisimulia uzeeni, macho yamekwisha kupofuka, mwanawe ndiye anayemshika mkono.

Ilikuwa mwaka wa 9 Hijria, sawa na 630, ilipotangazwa safari ya Tabuk. Jua kali, mwendo mrefu, na tende za Madina ndiyo kwanza zinaiva. Kaab hakuwa mnafiki wala fukara. Alisema hajapata kuwa na nguvu na nafasi kama wakati ule. Alikuwa na ngamia wawili, jambo lisilowahi kumtokea. Kila asubuhi alitoka kwenda kujiandaa, na kila siku alirudi hajafanya kitu, akijiambia kwamba akitaka anaweza. Jeshi likaondoka. Akasema nitajiandaa kesho au kesho kutwa, niwafuate. Kesho ikapita na kesho kutwa nayo, mpaka wakawa mbali mno. Akabaki akizunguka mjini, haoni ila wanaotuhumiwa unafiki na wanyonge wenye udhuru.

Hakuna hata siku moja ambayo Kaab aliamua kubaki. Hilo ndilo la kuogopa. Nasi wengi hatujaamua kutotubu. Tumesema mambo yakikaa sawa, watoto wakimaliza shule, nikilipwa kiinua mgongo, nikienda Hija. Hija hasa imekuwa kesho yetu kubwa, ingawa wanazuoni wamesema wazi kwamba haifuti haki ya mtu, na wapo wanaokwenda kuitafuta toba Makka kwa fedha za wanaowadai.

Mtume (s.a.w.) aliporejea, waliobaki nyuma bila ruhusa, zaidi ya watu 80, walikwenda kuapa na kujieleza. Akayapokea ya dhahiri, ya moyoni akamwachia Mwenyezi Mungu. Kaab alikuwa mshairi, mtu wa maneno, na alikiri kwamba mbele ya mtu mwingine yeyote duniani angejua pa kutokea. Akasema kweli: hakuwa na udhuru wowote. Yeye na wenzake wawili, Murara bin Rabia na Hilal bin Umayya, wakasuswa. Watu wasiseme nao, siku 50. Katikati ya dhiki hiyo ikamfikia barua ya mfalme wa Ghassan, akialikwa ahamie kwake apewe heshima yake. Akaitia kwenye tanuri.

Barua ya Ghassan inamfikia kila mtu anayetaka kutubu, ila siku hizi haiji na mhuri wa mfalme. Inakuja na rafiki anayekwambia, "Wewe hujakosa kitu, hao wana husuda tu. Njoo kwetu." Ukimdhulumu ndugu yako, hutakosa kikundi kitakachokupokea na kukusifu bila kukuuliza. Kukipata ni rahisi kuliko kulipa.

Na upande wa pili wa kisa hiki unatuhusu sisi tunaotazama. Toba ya watu watatu hawa ilipoteremka (aya ya 118 ya Surat At-Tawba), Kaab aliingia msikitini, na katika Muhajirina aliyeinuka akamkimbilia kumpa mkono alikuwa mmoja tu, Talha bin Ubaydillah. Kaab hakumsahau Talha maisha yake yote. Mtaani kwetu mtu akiacha unga au akarudisha alichoiba, jambo la kwanza analolisikia barazani ni "Tutaona atafika wapi." Anayesema hivyo naye ana la kujihesabia Shaaban hii.

Kukaa na karatasi

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikipa kitabu cha toba nafasi ya kwanza katika robo ya mwisho ya kitabu chake, Ihya. Humo anamtaka mwenye kutubu ajichunguze tangu siku aliyobaleghe, na haki za watu azifuatilie hata zikiwa ndogo kama punje. Hapa kwetu, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate aliuweka moyo wake kikaoni katika Al-Inkishafi, akauonyesha majumba ya matajiri wa Pate yaliyogeuka magofu. Kwa hiyo hatukosi urithi wa kujihesabu. Tunachokosa, nadhani, ni muda usio na simu ndani yake.

Chagua wakati baada ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Usiku baada ya isha umechoka, na mtu aliyechoka ama hujihurumia kupita kiasi ama hujilaani kupita kiasi. Chukua karatasi. Usitumie simu, kwa sababu itaita, na kwa sababu watoto wako wanajua neno la siri.

Kwenye karatasi hiyo andika haki za watu peke yake. Dhambi zilizo baina yako na Mola wako usiziandike. Amekusitiri, na karatasi huokotwa. Mambo hayo yatubie hapo hapo ulipokaa.

Wengi wakijiuliza "nimemdhulumu nani?" hawapati jibu, kwa kuwa swali ni pana. Pita mahali kwa mahali. Nyumba ulizowahi kupanga: ulihama umelipa umeme? Kazi ulizofanya: kuna kitu cha ofisi ambacho hukurudisha? Maduka uliyokopa, shule uliyosoma, watu uliosafiri nao, mzigo wa mwenzio uliopita mikononi mwako. Mahali hukumbusha. Ukifika kwenye jina ambalo moyo unataka kulipita haraka, simama hapo, liandike kwa herufi kubwa, kisha andika ni nini, kiasi gani, tangu lini.

Kuwa makini na swali la ni nani hasa anayekudai. Chukua mchezo wa watu kumi, kila mmoja anatoa shilingi 50,000 kwa wiki, anayepokea anapata 500,000. Bibi wa zamu ya tatu amepokea, kisha akanyamaza, hakutoa tena. Mwaka umepita, anaingiwa na hofu ya Mungu, anakwenda kumwomba radhi kijumbe anayeuendesha mchezo, kijumbe mtu mwema anasema yameisha. Hayajaisha. Kuanzia wiki ya nne hadi ya kumi alitakiwa atoe mara saba, jumla 350,000, na fedha hizo zilikuwa za wanawake saba, 50,000 kwa kila mmoja. Kijumbe hana mamlaka ya kusamehe cha wenzake. Ikiwa kijumbe alifidia kutoka mfukoni mwake ili mchezo usivunjike, basi deni lote ni lake, na hapo neno lake la kusamehe lina uzito.

Linalofuata ni zito zaidi, na nitakaa nalo kidogo, kwa kuwa ndiyo dhuluma iliyokaa raha kuliko zote katika nyumba za watu wanaoswali. Baba amefariki. Ameacha mjane, wana wawili na mabinti wawili, na nyumba ya kupangisha inayoingiza shilingi 600,000 kwa mwezi. Wana wanakusanya kodi. Mama anatunzwa, hilo halina shaka. Dada wameolewa, "wana waume zao". Kila sikukuu wanatumiwa chochote, nao wanashukuru. Miaka inakwenda.

Fungu la kila mmoja limetajwa katika Surat An-Nisaa, halikuachiwa ukarimu wa kaka. Mjane ana thumni: 75,000. Zinabaki 525,000, mwana fungu mbili na binti fungu moja, yaani mafungu sita ya 87,500. Kila mwana 175,000, kila binti 87,500. Hizo ni za kila mwezi. Kwa mwaka dada mmoja anadai 1,050,000, na kwa miaka minane 8,400,000. Kaka anayempa dada yake khanga doti moja ya Idi huku dada huyo anamdai milioni nane hajawa mkarimu. Na tafadhali usiniambie kwamba dada hajawahi kuuliza. Hajauliza kwa sababu akiuliza ataambiwa anavunja undugu, na nyumbani alikozaliwa ndiko atakakokimbilia siku ndoa ikimshinda. Ukimya wa mtu asiye na pa kwenda huwezi kuuita ridhaa. Kama unataka msamaha wake, mwekee kwanza hesabu mbele yake, fedha au hati mkononi mwake, halafu umwache aamue akiwa na nguvu ya kukataa. Mkishindwa kukubaliana, wapo makadhi, Zanzibar na Kenya wana mahakama zao za Kadhi, na kwenda kwa kadhi si kuvunja undugu.

Mengine ya mali yanajulikana. Mahari uliyoyataja mbele ya mashahidi na hujayatoa ni deni, hata kama mkeo haulizi. Binti wa kazi aliyeondoka kwa ugomvi na mshahara wake wa mwezi ukabaki mkononi mwako, mtafute. Mtume (s.a.w.) alitaka mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, la huyo limekauka zamani.

Kurudisha si lazima kuwe kwa kujifichua. Jambo hili limewazuia wengi, na laiti wangelijua mapema. Ukiwa uliiba kwa mwajiri, Sheria inakutaka umfikishie mali yake. Haikutaki ujipeleke polisi wala ujivunjie heshima. Mtumie kwa simu, au tia kwenye bahasha, au mpe mtu mwaminifu aifikishe bila jina. Mwenye mali akiwa amekufa, wapo warithi wake. Mwenye duka akiwa amehamia Muscat, siku hizi kumkosa mtu ni kazi kuliko kumpata: uliza watu wawili watatu wa mtaa wake wa zamani. Ukishindwa kabisa kumjua au kumfikia, itoe sadaka kwa niaba yake, ukinuia kumlipa akitokea.

Na ambaye hana? Aende vivyo hivyo, mikono mitupu. Amwambie mdai wake, "Nakujua, deni nalijua, leo sina, nitaanza na elfu kumi kila mwezi." Qur'ani inamtaka mdai ampe muda mwenye dhiki, lakini muda huombwa kwa mdomo, hauchukuliwi kwa kujificha. Kisha aandike wasia: jina, kiasi, namba ya simu. Tumezoea kusikia kwenye maziko, kabla ya kuswaliwa, mtu wa familia akisimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Wenye haya hawajitokezi, na watoto hawajui pa kuanzia. Mtume (s.a.w.) aliwahi kukataa kumswalia mtu aliyekufa na deni la dinari mbili, akawaambia masahaba wamswalie wenyewe, mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Dinari mbili tu.

Ulimi, na yale ya siri

Kwenye heshima za watu mambo si mepesi kama kwenye fedha, kwa sababu hakuna kiasi cha kuhesabu. Ulichokisema kikiwa kimemfikia, nenda ukamtake radhi. Kikiwa hakijamfikia, wanazuoni wametofautiana. Wako waliosema lazima aambiwe, na wako, akiwemo Ibn Taymiyya, walioona kwamba kumwambia ni kumwongezea maumivu, hivyo umwombee dua na umtaje kwa wema pale pale ulipomtaja kwa ubaya. Mimi naelemea kwa hawa wa pili, kwa nilivyoona. Mtu anamfuata shoga yake, anamwambia, "Miaka yote hii nilikuwa nakusema vibaya, nisamehe," kisha anaondoka mwepesi. Mwenzake anabaki na swali la nini kilisemwa, na kwa nani, na nani aliamini.

Lakini dua peke yake haitoshi pale maneno yalipofanya kazi. Ulisema jambo juu ya binti wa watu, posa ikavunjika. Ulipeleka kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo sauti iliyorekodiwa ambayo hukujua ukweli wake, mtu akafukuzwa kazi. Hapo rudi kwa wale wale waliokusikia, katika kikundi kile kile, useme kwamba ulichosema hakikuwa kweli. Inaumiza. Wengi wetu tuko tayari kufunga miezi miwili mfululizo kuliko kuandika mstari huo mmoja.

Madhambi yaliyo baina yako na Mola wako nitayapita haraka, kwa kuwa njia yake ni fupi: ni yale masharti matatu. Hatuna katika Uislamu mtu wa kuungamiwa, na Mtume (s.a.w.) alionya juu ya anayetenda jambo usiku akasitiriwa, kisha asubuhi akalitangaza mwenyewe. Ukihitaji tiba nenda kwa daktari, ukihitaji fatwa muulize shekhe kwa namna ya "mtu aliyefanya hivi", inatosha. Ila zingatia kile kisa cha aliyeua watu 99 akakamilisha mia. Mwanachuoni aliyemfungulia mlango wa toba alimtaka pia ahame mji wake, kwa kuwa ni mji mbaya kwake. Azma bila kuhama haidumu. Anayeacha kubeti afute programu ya mikeka, ajitoe kwenye kikundi cha kupeana mikeka, na jioni asikae kwenye kijiwe kile. Akibaki na vyote hivyo na azma yake, nampa mpaka mechi za Jumamosi.

Deni la saumu

Liko deni moja ambalo Shaaban ndiyo nafasi yake ya mwisho, nalo ni siku za Ramadhani iliyopita. Bibi Aisha (r.a.) alisimulia kwamba alikuwa akizilipa zake ndani ya Shaaban, kwa hiyo usione haya kuwa umechelewa mpaka sasa. Katika madhehebu ya Shafi tunayoyafuata pwani hii, anayeweza kulipa akaacha bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikaingia, analipa siku zile na juu yake anatoa kibaba cha chakula kwa kila siku, na kwa kauli yenye nguvu kibaba hicho kinajirudia kwa kila mwaka unaozidi. Siku sita zilizocheleweshwa kwa miaka miwili ni vibaba 12, yaani pishi tatu za mchele, na saumu zenyewe bado zinadaiwa. Wako pia wanaosimama wakifika nusu Shaaban kwa kusikia kwamba kufunga baada ya hapo hakufai. Katazo hilo kwa Mashafi ni la sunna isiyo na sababu, kulipa hakumo. Hesabu zilizobaki, uanze.

Wanaume, hili linawahusu pia. Mkeo ana siku zake za kulipa, na wewe unaalika wageni wa chakula cha mchana mwezi mzima.

Atakapokataa

Baada ya yote hayo unaweza kwenda kwa yule uliyekuwa ukimkwepa, ukasimama mlangoni pake, ukasema ulilokwenda kulisema, naye akakwambia, "Sikusamehi." Hili hutokea, na jumbe za Shaaban hazituandalii. Kusamehe ni haki yake, na kwenda kwako hakukukuzalia wewe haki ya kusamehewa. Fedha anayokudai mpe hata kama amekunyima msamaha, kwa sababu deni halingoji uso ukunjuke. Akikataa hata kuipokea, iache kwa mtu anayemwamini, mbele ya shahidi.

Usiwatume wazee. Najua ndiyo desturi yetu: wanakwenda watu watatu wenye makoti, wanakalishwa, wanakunywa kahawa, kisha wanamwambia aliyedhulumiwa kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe anasamehe, yeye ni nani asisamehe. Anasema amesamehe ili watoke sebuleni kwake. Ukimpata kwa njia hiyo umemdhulumu mara ya pili. Mpe muda wake, ambao unaweza kuwa miaka, na umwombee asipojua.

Mkikutana njiani toa salamu, usiidai. Na usiwasimulie watu kwamba ulikwenda kwake kwa unyenyekevu akakufukuza, maana ukianza kusimulia hivyo, jina lake linarudi kwenye karatasi, safari hii upande wa ulimi.